Kipande cha Baba kwenye Mfereji

Watu wakisikia uongozi umebadilika husogeza redio karibu. Kwetu uongozi ulibadilika sebuleni, asubuhi ya Jumapili, baba aliponyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai na mkono ukakataa. Kikombe hakikuvunjika. Kilibingirika juu ya kitambaa alichofuma mama, chai ikamwagika, na baba akakikodolea macho kama anayesubiri kimwombe radhi. Walikuwa wanajiandaa kwenda ibadani. Kufika jioni baba alikuwa kitandani hospitali, kiharusi kimemkamata upande wa kulia, na funguo zote za nyumba, za stoo na za kibanda cha pampu, zilikuwa zimefungwa kwenye ncha ya kanga ya mama.

Kura haikupigwa. Lakini mimi nimezaliwa katika nyumba ile na najua ilivyoendeshwa. Baba aliamua tulime nini, tuuze kwa nani, wasichana tusuke au tunyoe, na zaidi ya yote aliamua tumsalimie nani na nani tumpite kama hatukumwona. Wa kupitwa alikuwa mmoja tu. Alikuwa jirani yetu wa upande wa juu, mzee ambaye kilima kizima kilimwita Mkomunisti.

Jina hilo hakujipa, ila hakulikataa. Ujanani alipelekwa kusomea mitambo ya maji katika Ujerumani ile ya Mashariki, wakati ipo, akarudi na miwani, koti zito la sufi na imani. Koti lilimfaa, maana kwetu upande wa Malindi, hii ya milimani kwa Washambaa na si ile ya pwani, ikifika Julai ukipumua unaona mvuke. Imani ndiyo iliyomletea taabu. Wenzake walipoacha habari za ujamaa wakafungua maduka, yeye aliendelea nayo. Duka la ushirika lilipofungwa alilia, mama anasema, kwa sauti, mbele za watu. Kanisani hakuingia, lakini kwenye msiba wowote, wa Mlutheri au wa Mwislamu, alikuwa wa kwanza kufika na jembe la kuchimbia kaburi, na akimaliza husimama nje kidogo mpaka watu watawanyike.

Kilichowaudhi watu hasa ni shikamoo. Kwetu shikamoo haina mjadala. Mtoto anaitoa hata akiwa na mzigo wa kuni kichwani, hata akiwa analia. Sasa wewe mtoto unampa Mkomunisti shikamoo yako, safi, na magoti umepiga, naye anakujibu: "Hapa hakuna wa kushikwa miguu. Sema habari, ndugu mdogo." Marahaba huipati. Unabaki umesimama njiani na shikamoo yako haina pa kwenda. Mara ya kwanza iliponitokea nilikuwa na miaka sita au saba, nikarudi nyumbani nalia, na baba akasema, "Unaona? Hata marahaba anataka igawanywe sawa kwa sawa."

Wakati huo walikuwa bado wanaongea. Kilichowatenganisha ni mfereji.

Mfereji wetu unatoka kwenye kijito, pembeni mwa msitu, unatambaa ubavuni mwa kilima mpaka kwenye kibwawa. Jioni kibwawa huzibwa kwa gogo na magome ya mgomba, maji yanajaa, asubuhi kizibo kinatolewa na maji yanashuka bustanini kwa zamu. Bila maji hayo, kiangazi huna kabichi, huna karoti, huna hoho. Mfereji umegawanywa vipande, kila nyumba na chake, na mpaka wa kipande na kipande ni jiwe. Masika ikiisha vipande vinakuwa vimejaa udongo na majani, basi inapangwa siku moja, kilima kizima kinatoka kuchimba.

Mkomunisti ndiye aliyeusimamia tangu ulipochimbwa, na sheria yake ilikuwa moja. Anayetaka maji achimbe kipande chake kwa mkono wake, watu wa nyumba yake wakimsaidia tu. Kibarua haruhusiwi, na asiyechimba hapati zamu. Mgonjwa husubiriwa apone. Mwenye gereji pale barabarani aliwahi kumtuma fundi wake, na fundi alirudishwa na jembe lake begani.

Baba naye alikuwa ameshaanza biashara ya matunda. Msimu wa plamu na peasi alishinda kwenye malori, na siku ya kuchimba ilimkuta na lori linapakia. Akatuma kibarua. Kibarua akarudishwa. Baba akapanda mwenyewe saa sita, amevaa viatu vya mjini, na mbele ya watu wote akauliza kama mikono yake ina dhahabu hata itafutwe yenyewe. Mkomunisti akamjibu kwa upole, na nadhani upole ndio uliomkera zaidi. "Ndugu," akasema, "ukiweza kununua kuchimba, kesho utanunua maji, na keshokutwa utatuuzia." Baba akasema, "Mimi si ndugu yako." Wiki iliyofuata akaja na pampu ya petroli, akaitega kijitoni chini kabisa, akamwagilia kwa mpira, na mlio wake ulisikika kilima kizima kama tangazo.

Hapo mpaka ukafungwa. Tulipanda uzio upande wa juu. Kwenda shule tukazungukia chini, dakika ishirini zaidi, ili tusipite uani kwake. Miaka ishirini na zaidi baba hakumpa Mkomunisti shikamoo, na kwa kuwa baba ndiye mdogo kwa umri kwa miaka kumi hivi, kila mtu alijua ni nani anayemnyima mwenzake. Jambo la ajabu ni kwamba aliyenyimwa ndiye yule ambaye hakuwa akiitaka.

Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa Tanga mjini na nikabaki huko. Mume niliyempata aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, na watoto hatukujaliwa. Baba alipougua nilipanga jambo moja, na nilipanga kwa furaha, sitaficha. Nilisafisha chumba cha uani, nikapaka rangi, nikanunua vitanda viwili na neti mbili. Likizo ya katikati ya mwaka ilipofika nikapanda milima kwenda kuwachukua wazazi wangu.

Nilimkuta mama amepungua mwili na ameongezeka sauti. Baba alikaa kwenye kiti karibu na dirisha linalotazama juu, blanketi magotini, mdomo umevutwa upande. Maneno yalimtoka moja moja. Pampu ilikuwa kibandani, kimya, maana kamba yake ya kuwashia inataka mkono wa mwanamume mwenye hasira, na hata kama ingewaka, kijito cha chini kilikuwa kimeshakonda. Bustanini kulikuwa na kabichi changa na matuta mawili ya karoti.

"Mama," nikamwambia jikoni, "vyumba viko tayari. Hapa utaishi kwa nini?"

"Kwa kabichi."

"Maji je?"

Alichochea moto, akanigeukia. "Tukubaliane. Bustani ikiishi mpaka mvua za vuli, hatuondoki, na usiniletee tena habari ya vitanda. Ikikauka, nitamvalisha baba yako koti na tutakuja kwako, na sitakulalamikia hata siku moja."

Nikakubali haraka. Nilikuwa nimeshakiona kijito kwa macho yangu, na nilijua nimeshinda.

Sikujua kwamba kiongozi mpya alikuwa ameshaanza mazungumzo. Pale kwenye rafu ya vyombo palikuwa na bakuli la kifuniko cha bluu, nalo halikuwa letu. Nilipouliza, mama akasema alimpelekea jirani maharage tangu wakati wa Pasaka, na bakuli likarudi na peasi, naye akalipeleka na mahindi, nalo likarudi na asali. Lilikuwa linapanda na kushuka kilima kupitia penye uwazi wa uzio, baba akiwa amelala mchana. "Mwenzetu anaishi peke yake," mama akasema. "Na mimi sijawahi kugombana naye. Nilikuwa nagombanishwa."

Asubuhi iliyofuata tulipanda kwake. Nilitegemea mama atatoa shikamoo na kunyimwa marahaba kama sisi sote. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida, "Habari za asubuhi, ndugu." Mzee akavua kofia.

Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja cha wageni na mabenchi manne aliyoyachonga mwenyewe, yote yenye kimo kimoja, ili asiwepo wa kukaa juu ya mwenzake. Ukutani ilining'inia picha ya vijana wamesimama mbele ya mtambo, wote wamevaa makoti kama lake, na mweusi alikuwa yeye peke yake. Alitupa chai ya mchaichai. Alimuuliza mama hali ya mgonjwa, na aliuliza kwa kirefu: analala vipi, anakula mwenyewe, mguu una nguvu kiasi gani. Nilishangaa jinsi alivyotaka kujua.

Mama akasema lililomleta. Anataka maji ya mfereji. Jumamosi ni siku ya kuchimba na yeye atachimba kipande cha nyumba yetu.

"Kipande kile ni cha mumeo," Mkomunisti akasema.

"Mume wangu mkono umekataa."

"Mgonjwa husubiriwa apone. Ndiyo sheria."

"Kabichi hazisubiri." Mama akaweka kikombe chini. "Hebu niambie. Kule ulikosoma, si ulituhadithia wakati tunachimba mfereji huu kwamba wanawake waliendesha winchi na matrekta?"

"Ndiyo. Niliwaona."

"Walikuwa wanaendesha kwa majina ya waume zao?"

Mzee alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Nilimwona anatafuta jibu na nilimwonea huruma, maana namjua mama yangu akishamfikisha mtu ukutani.

"Hapana," akasema mwishowe. "Kwa majina yao."

"Basi kipande ni changu."

Akakubali. Alicheka hata, kicheko cha mtu aliyepigwa na silaha yake mwenyewe. Lakini alitoa sharti. "Ndugu, mumeo ajue. Sitaki maji yaingie kwake kwa kujificha kama magendo." Mama akasema atajua. Njiani kurudi nikamuuliza atamwambia lini, akajibu kwamba tuchimbe kwanza. Niliona hata kiongozi mpya ana kitu anachokiogopa.

Sasa nieleze kosa langu. Magoti ya mama yamevimba kwa baridi ya miaka sabini. Kila asubuhi nilimpaka dawa ya kuchua nikimsikia anavyokunja pumzi. Kipande chetu kina urefu wa hatua kumi na nane, na nilivyomfikiria ameinama kwenye tope la Juni, roho iliniuma. Basi Ijumaa nikatafuta vibarua wawili wa kijiji cha pili, wanaume wazima, nikawaambia wafike kabla ya watu, wachimbe kipande chetu, waondoke. Mama akifika atakuta kazi imekwisha, na nani atajua?

Mwalimu mzima, niliyesikia habari ya kibarua wa baba tangu nikiwa na meno ya utoto, nilifanya alichofanya baba, kwenye kipande kile kile.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito na Mkomunisti alikuwa ameshafika, kwa sababu yeye hufika kabla ya kila mtu. Nilipotokea na chupa ya chai nikawakuta vibarua wangu wamesimama, kipande kimefika nusu, majembe yameegemea tumboni, naye amesimama mbele yao na koti lake. Watu walikuwa wanakusanyika.

"Nani amewatuma?" aliwauliza. Wakanionesha mimi kwa vidole.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Damu ya baba yake!" na watu wakacheka. Mkomunisti hakucheka. Aliwaambia vibarua kwamba wao hawana kosa, akawakaribisha viazi vya kuchoma alivyokuja navyo, akawaomba waende zao salama. Kisha akanigeukia. "Ndugu mwalimu, hili tope walilotoa, lirudishe."

"Nilirudishe wapi?"

"Mferejini. Ili wenyewe walitoe."

Nilidhani ni mzaha. Nilitazama watu ili mtu anisaidie kucheka. Hapo mama akatokea kwenye ukungu, jembe begani, amevaa gambuti za baba zinazompwaya, akaona vibarua wanakula viazi, akaniona mimi, akaelewa yote bila kuambiwa. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Rudisha," akasema.

Nikachukua chepe nikarudisha tope mferejini, mbele ya kilima kizima, na wazazi wa watoto niliosoma nao wananihesabia. Nilikuwa na hasira hata machozi yakanitoka. Baadaye mama aliniuliza kama nilifanya makusudi ili tunyimwe maji na wao waje Tanga. Nikamwapia sikufanya makusudi, na ni kweli. Lakini swali lake sikulisahau, na siku nyingine huwa najiuliza tena.

Nilipomaliza kurudisha, Mkomunisti akasema mtoto wa nyumba si kibarua, naweza kumsaidia mama. Tukaanza upya, mama upande wa juu, mimi wa chini. Hasira inachimba vizuri. Nilikuwa nimefika kwenye sakafu ya mfereji kabla sijaona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Kipande kile kilikuwa kimeachwa miaka ishirini na zaidi. Kingetakiwa kuwa kichaka. Mizizi ingekuwa imekimeza, kingo zingekuwa zimebomoka. Lakini tulichokuwa tunatoa kilikuwa tope la masika moja tu, na chini yake palikuwa na mawe bapa yamepangwa vizuri, kingo zimeshindiliwa, na penye kona palipokuwa panavuja pamezibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Nilimwita mama. Akapapasa yale mawe kwa mkono.

"Nani amekuwa anachimba hapa?" akauliza.

Mama mmoja wa kipande cha jirani akatukazia macho kama tunamtania. "Ina maana hamjui? Si mwenyewe huyo." Akaonesha kwa kidevu kule juu lilikokuwa koti la sufi. "Kila mwaka sisi tukimaliza tunaenda nyumbani, yeye anabaki. Tulimwambia mara ngapi akigawe kipande hiki, ampe mtu mwingine. Anasema kina mwenyewe."

Mama alikaa. Alikaa kwenye tope, na kanga yake, kama mtoto. Mkomunisti alipofika kukagua, mama akamuuliza kama ni kweli. Akatazama pembeni. "Maji hayaruki, ndugu. Lazima yapite hapa ndiyo yawafikie wa chini."

"Na sheria yako ya kila mtu na mkono wake?"

"Ndiyo maana nilisubiri watu waondoke," akasema, akatuacha akaenda kukagua kipande kingine.

Tulimaliza alasiri. Mama hakunawa. Alishuka moja kwa moja mpaka sebuleni, na gambuti zake, kwenye sakafu aliyoipiga rangi mwenyewe, akasimama mbele ya kiti cha baba. Mimi nilibaki mlangoni. Nilijua baba akikataa maji yale, mama hatayachukua, na bustani itakufa, na vitanda vyangu vitapata watu. Nilikuwa nimechoka sana na sikujua tena naomba lipi.

Mama akamwambia yote. Bakuli la bluu, mabenchi, vibarua wangu, tope nililorudisha. Mwisho akamwambia habari ya mawe bapa na nani aliyeyapanga.

Baba aligeuza uso dirishani. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

Jibu lilimtoka kidogo kidogo, mama akimfuta pembe ya mdomo, nami nalipanga hapa lisomeke. Alisema mwaka ule ule waliogombana alipanda kwa siri kwenda kuona kama kipande chake wamempa mtu. Akafikia kwenye mahindi ya juu ya mfereji. Akamwona yule mzee peke yake, ameinama kwenye kipande chetu, anachimba. Akataka kutoka amwite. Badala yake akainama kwenye mahindi, asionekane. Mwaka uliofuata akaenda tena kuhakikisha, akainama tena. Baadaye akawa haendi, anatazama kupitia dirisha hili.

"Miaka yote hiyo tumezunguka na njia ya chini!" mama akasema, na sauti yake ilikuwa juu. "Watoto wangu wamezunguka na njia ya chini! Kwa nini hukwenda kumwambia asante?"

Baba alikuwa analia kwa jicho moja, lile la upande mzima. "Aibu," akasema. "Ningeanzaje?"

Mimi nilikuwa nimemjua baba yangu kama mtu wa hasira. Kumbe hasira iliisha mwaka wa kwanza, na yote yaliyofuata yalikuwa aibu tu. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilitamani kumtikisa.

Akatazama miguu ya mama. "Gambuti," akasema. "Ni zangu hizo."

Mama akakaa kwenye zulia akazivua.

Maji hufunguliwa kesho yake, watu wote wakiwepo. Wanaume wanne walimbeba baba na kiti chake, wakibadilishana bega, mimi nimeshika fimbo yake na mama anatoa amri. Tulipita penye uwazi wa uzio. Kwenye kipande chetu baba akaomba ashushwe. Walimshika kwapani, akainama upande wa kushoto, akaingiza mkono mferejini mahali palipobaki tope kidogo, akatoa konzi moja na kuiweka ukingoni. Ilimchukua muda.

Mkomunisti alikuwa amesimama hatua chache mbele, mikono ndani ya koti. Baba akainua uso.

"Shi," akasema. Mdomo ulimkatalia. Akaanza tena. "Shi-ka-moo."

Nilijua kila mtu pale, aliyekuwa mtoto njiani akabaki na shikamoo yake mkononi, anasubiri kusikia "habari, ndugu". Nilitaka kumwomba yule mzee, leo tu.

"Marahaba," Mkomunisti akasema. "Marahaba, mghosi." Akamwita kama tunavyomwita kwa Kishambaa mwanamume tunayemheshimu, kisha akageuka haraka, akawapigia kelele walioko kwenye kizibo kwamba wanasubiri nini, maji yafunguliwe.

Bustani iliishi mpaka vuli. Mimi nilikuwa nimesharudi kazini, na mama alinipigia simu kuniambia kabichi zimefunga na mvua imenyesha, nami sikumtajia vitanda, kwa kuwa tulikubaliana. Nilifurahi. Pia niliumia, na nilikaa kwenye kimoja cha vitanda vile jioni nzima bila kuwasha taa. Siku hizi naweka juu yake madaftari ya kusahihisha.

Mwaka uliofuata nilipanda tena likizo hiyo hiyo, na chepe langu mwenyewe. Baba alikuwa anatembea kwa fimbo, polepole, mkono wa kulia bado umelala. Aliyebadilika ni Mkomunisti. Alifika mferejini na fimbo mbili, miguu imevimba, akatutangazia kwamba mwaka huu hataweza kuchimba, na kwamba sheria anaijua, mgonjwa husubiriwa apone, kwa hiyo asipewe maji. Watu wakaanza kubisha. Akanyamazisha wote.

Tukamfuata mpaka kwenye kipande chake, maana alitaka mawe yake ya mpaka yahakikiwe. Kipande kilikuwa kimeshachimbwa. Hakikuchimbwa vizuri, kingo zilikuwa zimepinda, na tope lilitupwa lote upande mmoja, ule ambao mtu anayetumia mkono wa kushoto angetupia. Lingine lilikuwa bichi, lingine limeshakauka, kama kazi iliyofanywa kidogo kidogo kwa siku nyingi.

"Nani amechimba hapa?" Mkomunisti akauliza.

Mama alininong'oneza kwamba wiki mbili sasa baba amekuwa akitoka na fimbo yake kila asubuhi, na akiulizwa anasema daktari alimwambia atembee. Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, anatazama msitu.

"Sheria inasema tope lirudishwe," mtu mmoja akachokoza, na wote wakanitazama mimi, wakacheka.

Mkomunisti alilichungulia lile tope kwa muda mrefu. Alimtazama baba, kisha akaacha kumtazama. Akaligusa tope kwa ncha ya fimbo, akasema limeshakauka hilo, halirudishiki tena, tusipoteze muda. Akaagiza watu waendelee na vipande vyao. Baba akanipa fimbo, nikamshika kwapani, naye akabaki na mkono wake wa kushoto mfukoni mpaka tulipofika nyumbani.